Kupalia Moto: Sayansi ya Kuoka Mkate kwa Makaa ya Kambini

Mpishi wa wali akiona maji ya chungu yamekauka, hupunguza moto wa chini, hufunika chungu barabara, kisha huchukua makaa na kuyapanga juu ya kifuniko. Tendo hilo huitwa kupalia. Wali uliopaliwa huiva juu na chini kwa pamoja, wala haushiki ukoko mwingi. Jambo hili limezoeleka mno majumbani, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaolihesabu kuwa sayansi. Hata hivyo, ndani ya tendo hilo dogo mna kanuni nzima ya tanuri.

Makala haya yanakusudia kueleza kanuni hiyo kwa njia ya kazi moja: kuoka mkate wa hamira kwa makaa ya moto wa kambini, bila tanuri wala umeme. Kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wa kidato chochote wakiwa katika ziara ya masomo, katika kambi ya Skauti, au katika uwanja wa shule isiyo na jiko la kuokea. Nayo huunganisha fizikia, kemia na biolojia katika muda wa saa tatu. Tena hufundisha mambo mawili yasiyofaa kusahauliwa: kiasi cha joto kinachopotea katika moto wa wazi, na hatari ya hewa isiyoonekana itokayo katika makaa.

TANURI NI NINI?

Watu wengi hudhani kuwa tanuri ni sanduku la chuma au nyumba ya matofali. Kwa mwanasayansi, tanuri ni hali, si chombo. Ni mahali po pote ambapo chakula hupata joto kutoka pande zote kwa kadiri inayolingana, kwa muda wa kutosha. Chungu kilichowekwa juu ya mafiga hupata joto kutoka chini tu, kwa hiyo hakifai kuokea. Chungu hicho hicho kikipaliwa, hugeuka tanuri.

Maarifa haya ni ya kale sana. Mwaka 1991, mwanaakiolojia Mark Lehner na wenzake walifukua mabaki ya nyumba za kuokea mikate karibu na piramidi za Giza nchini Misri, mahali walipoishi wajenzi wa piramidi hizo yapata miaka 4,500 iliyopita. Humo zilipatikana sehemu za vyungu vizito vya udongo vyenye umbo la kengele. Unga uliokandwa ulitiwa ndani ya chungu, ukafunikwa kwa chungu kingine kilichokwisha kupashwa moto, na vyote vikazungushiwa majivu ya moto na makaa. Huko nako ni kupalia.

Mkate wenyewe una umri mkubwa kuliko kilimo. Katika jangwa la kaskazini mashariki ya Jordani, mahali paitwapo Shubayqa, watafiti walipata ndani ya meko ya kale vipande vilivyoungua vya mkate bapa wenye umri wa miaka 14,000 na zaidi. Matokeo ya utafiti huo yalitangazwa mwaka 2018. Waliouoka walikuwa wawindaji na wakusanyaji wa nafaka za mwituni. Kwa hiyo moto wa kambini si mahali pageni kwa mkate. Ndipo ulipozaliwa.

NJIA TATU ZA KUSAFIRI KWA JOTO

Joto husafiri kwa njia tatu, na mkate wa makaa huzitumia zote.

Njia ya kwanza ni mpitisho. Hapa joto hupita katika kitu kigumu kutoka chembe hadi chembe, kama linavyopita katika mpini wa kijiko kilichoachwa ndani ya chai ya moto. Aluminiamu ya sufuria hupitisha joto upesi sana, mamia ya mara kuliko mchanga mkavu.

Njia ya pili ni msafa. Hewa au maji yakipata joto hupanuka, huwa mepesi, nayo hupanda juu yakichukua joto pamoja nayo. Moshi wa meko hupanda kwa sababu hiyo.

Njia ya tatu ni mnururisho. Kitu chenye joto hutoa mionzi, na mionzi hiyo haihitaji hewa wala kitu kigumu cha kupitia. Joto la jua hutufikia kwa njia hii, na mtu aliyekaa kando ya makaa huhisi uso wake ukichomeka ijapokuwa hewa iliyo mbele yake inapanda juu.

Kuhusu mnururisho kuna kanuni moja ambayo mwokaji hana budi kuijua. Mwaka 1879, mwanafizikia Josef Stefan alionyesha kuwa nguvu ya mionzi ya joto huongezeka kwa kipeo cha nne cha halijoto, ikihesabiwa kwa kipimo cha Kelvini. Makaa mekundu yenye nyuzi 600 za Sentigredi ni sawa na Kelvini 873. Makaa yaliyopepewa hadi nyuzi 800 ni sawa na Kelvini 1,073. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ukigawanya 1,073 kwa 873 na kupandisha jibu kwenye kipeo cha nne, utapata takriban 2.3. Maana yake ni kwamba kupepea kidogo tu huweza kuongeza mionzi zaidi ya mara mbili. Ndiyo sababu mikate mingi ya makaa huungua: mwokaji huona moto umefifia, hupepea, na kufumba na kufumbua chini pamekuwa peusi.

MIALI AU MAKAA?

Kuni zikiwaka hupita hatua tatu. Kwanza maji yaliyomo hugeuka mvuke. Kuni mbichi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake katika kazi hii, nazo hutoa moshi mwingi. Pili, ukuni ukipata joto la kutosha hutoa gesi zinazoweza kuwaka. Gesi hizo ndizo miali inayoonekana. Tatu, baada ya gesi kwisha, hubaki kaboni, nayo huwaka polepole bila miali mikubwa. Hayo ndiyo makaa.

Miali haifai kuokea. Huyumbishwa na upepo, hupanda na kushuka, na huacha masizi. Makaa hutoa joto tulivu, na mwokaji aweza kuyahesabu, kuyagawa na kuyahamisha kwa koleo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuoka kambini ni subira: moto uwashwe mapema, uachwe uwake kwa muda wa saa moja hivi, na mkate usiwekwe mpaka miali iishe na makaa yaanze kuvikwa majivu ya kijivu.

Miti yenye mbao ngumu, kama migunga, hutoa makaa mazito yanayodumu. Miti laini na vifuu vya nazi huwaka kwa nguvu lakini kwa muda mfupi. Mnyaa usitumiwe, kwa kuwa utomvu wake hudhuru macho. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa nazo zisitumiwe.

UNGA, HAMIRA NA UTANDO WA GLUTENI

Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini. Unga wa ngano ukitiwa maji na kukandwa, protini hizo huungana na kufanya utando unaovutika uitwao gluteni. Utando huo huzuia hewa isitoroke, kama mpira wa puto unavyoizuia. Mahindi, mtama na mchele havina gluteni ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo mkate wa mofa wa mtama hufanywa mwembamba na kubandikwa ukutani mwa tanuri la udongo, na mkate wa kumimina, ambao hufanywa kwa mchele, tui na hamira, humiminwa katika sufuria ukiwa uji mzito, kwani hauwezi kusimama peke yake.

Hamira ni mkusanyiko wa viumbe hai vidogo sana vya jamii ya kuvu. Jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae. Katika miaka ya 1850, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alianza kuonyesha kuwa uchachukaji ni kazi ya viumbe hai, wala si kuoza kwa kawaida. Viumbe hao hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na kaboni dioksaidi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Kaboni dioksaidi hunaswa katika utando wa gluteni, na unga huumuka. Alkoholi huondoka pamoja na mvuke wakati wa kuoka.

Hamira hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 25 hadi 35, nayo hufa yapata nyuzi 55 hadi 60. Mtu anayeikoroga kwa maji yanayofuka mvuke huiua kabla haijaanza kazi. Maji yawe vuguvugu, yasiyochoma kidole.

VIFAA NA MATAYARISHO

Vifaa vya mkate mmoja ni hivi:

Unga wa ngano gramu 500.
Maji vuguvugu mililita 300.
Hamira kavu gramu 7, yaani vijiko 2 vidogo vya chai.
Chumvi gramu 8 na sukari gramu 12.
Mafuta kidogo ya kupaka chombo.
Sufuria kubwa yenye kipenyo cha sentimita 28 hivi, na kifuniko chake bapa.
Sufuria ndogo yenye kipenyo cha sentimita 20, inayoingia ndani ya ile kubwa bila kugusa kifuniko.
Mchanga mkavu na safi.
Mawe 3 makavu ya mafiga, koleo, na vitambaa vizito vya kushikia.

Mawe yasitolewe mtoni. Maji yaliyojificha ndani ya jiwe hugeuka mvuke, na jiwe laweza kupasuka na kujeruhi. Kifuniko kisiwe kipande cha bati lililopakwa zinki, kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na mafusho yake kwenye joto kali ni sumu. Kifuniko chenye kishikio cha plastiki nacho hakifai.

HATUA ZA KUOKA

1. Unga, hamira, sukari na chumvi vichanganywe, kisha maji yatiwe kidogo kidogo. Unga ukandwe kwa dakika 10 mpaka uwe laini na kuvutika bila kukatika upesi.

2. Donge lifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu na kuachwa kivulini kwa muda wa saa moja, au mpaka liwe maradufu. Wakati huo huo moto uwashwe.

3. Donge lifinywe ili kutoa hewa, lifanywe duara, na kuwekwa katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Liachwe liumuke tena kwa dakika 30.

4. Mchanga utandazwe ndani ya sufuria kubwa kwa kina cha sentimita 2. Sufuria hiyo ifunikwe na kutelekwa juu ya mafiga, iwe juu ya makaa kwa kiasi cha sentimita 8 hadi 10, nayo ipashwe moto kwa dakika 10.

5. Joto lipimwe. Pasipo na kipimajoto, kijiko kidogo cha unga kinyunyizwe juu ya kipande cha karatasi ya aluminiamu na kuwekwa juu ya mchanga. Unga ukiwa mweusi mara moja, moto ni mkali. Ukibaki mweupe, moto ni hafifu. Ukigeuka rangi ya hudhurungi polepole, moto unafaa.

6. Sufuria ndogo iwekwe juu ya mchanga na kifuniko kirudishwe. Makaa yagawanywe katika mafungu matatu. Fungu moja libaki chini, na mafungu mawili yapaliwe juu ya kifuniko, hasa ukingoni.

7. Mkate uokwe kwa dakika 35 hadi 45. Kifuniko kisifunuliwe katika dakika 20 za kwanza. Baada ya hapo, sufuria izungushwe nusu duara ili upande ulioelekea upepo ubadilishwe.

8. Mkate ukiiva, chini yake ukigongwa kwa kidole hutoa mlio wa kitu chenye uwazi, na kijiti kilichochomwa katikati hutoka kikavu. Uachwe upoe kwa nusu saa kabla ya kukatwa, kwa maana wanga wa ndani bado unaendelea kushikana.

KWA NINI JUU MAKAA MENGI NA CHINI MACHACHE?

Swali hili ndilo kiini cha somo. Makaa ya chini hufaidi njia zote tatu. Mionzi yake hupiga kitako cha sufuria. Hewa ya moto hupanda na kukizunguka chombo. Kisha chuma hupitisha joto hadi kwenye mchanga na mkate. Makaa ya juu hayana bahati hiyo, kwani hewa waliyoipasha hupanda angani na kupotea. Kinachofika kwenye mkate ni joto lililopita katika kifuniko kwa mpitisho, kisha likashuka kama mionzi. Hata hewa iliyo ndani, chini ya kifuniko, haisaidii sana: imekwisha kuwa na joto na iko juu, kwa hiyo haina sababu ya kushuka. Ili juu na chini pawe sawa, hapana budi makaa ya juu yawe karibu maradufu ya yale ya chini.

Mchanga nao una kazi yake. Kwa kuwa hupitisha joto polepole, huzuia kitako kisiungue, na huhifadhi joto hata makaa yakififia kidogo. Ni kama akiba ya nafaka ghalani, ambayo huwakinga watu wasihisi mara moja upungufu wa siku moja.

YANAYOTOKEA NDANI YA MKATE

Mkate unapoanza kupata joto, hamira huchangamka na kutoa gesi kwa wingi zaidi. Gesi iliyomo hupanuka pia: kutoka nyuzi 30 hadi 60, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 10. Mkate huinuka mara ya mwisho. Karibu na nyuzi 60 hamira hufa. Kuanzia hapo wanga hunyonya maji na kuvimba, na gluteni huganda. Yapata nyuzi 90 hadi 95, sehemu laini ya ndani imekwisha kujenga umbo lake, nalo halibomoki tena.

Halijoto ya katikati ya mkate haipiti kiwango cha kuchemka kwa maji, maadamu maji bado yamo. Dar es Salaam kiwango hicho ni nyuzi 100. Mbeya, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mwokaji wa nyanda za juu ajue kuwa huenda mkate wake ukahitaji dakika chache zaidi.

Ganda la nje ni habari nyingine. Likisha kauka, halijoto yake hupanda kupita nyuzi 140. Hapo sukari na sehemu za protini huungana na kuleta rangi ya hudhurungi na ile harufu tamu ya mkate. Badiliko hilo la kikemia lilielezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, nalo lina jina lake hata leo. Badiliko hilo ndilo pia linaloipa kahawa iliyokaangwa na nyama ya kuchoma sehemu kubwa ya ladha yake.

Kwa nini basi mkate huungua nje na kubaki mbichi ndani? Sababu ni kwamba unga uliokandwa hupitisha joto polepole. Kama joto lingesafiri kwa mpitisho peke yake, mkate wenye unene maradufu ungehitaji muda wa karibu mara nne, si mara mbili. Mvuke unaopita katika vitundu vya mkate hupunguza muda huo kwa kiasi fulani, lakini kanuni inabaki: kinachotakiwa na mkate mnene ni muda, si ukali wa moto. Chapati, iliyo nyembamba, huvumilia moto mkali. Boflo haivumilii.

HESABU YA NISHATI

Mkate huo mmoja unahitaji joto kiasi gani? Uzito wa unga na maji ni gramu 800. Kila kilo ya unga uliokandwa huhitaji takriban kilojuli 2.8 ili ipande kwa nyuzi moja. Kupandisha kilo 0.8 kutoka nyuzi 25 hadi 95 huhitaji:

0.8 × 2.8 × 70 = kilojuli 157

Wakati wa kuoka, tuseme gramu 80 za maji hugeuka mvuke. Kilo moja ya maji hutaka kilojuli 2,260 ili igeuke mvuke, kwa hiyo:

0.08 × 2,260 = kilojuli 181

Jumla ni kilojuli 338, yaani karibu 340. Kilo moja ya mkaa mkavu hutoa takriban kilojuli 30,000. Basi mkate huu, kwa hesabu, ungeweza kuiva kwa gramu 11 au 12 tu za mkaa, yaani kipande kidogo kinachoenea kiganjani!

Lakini mwokaji akitumia nusu kilo ya mkaa, ametumia kilojuli 15,000. Kati ya hizo, zilizoingia katika mkate ni kiasi cha asilimia 2 tu. Zilizobaki zimepasha hewa, ardhi, mawe, mchanga na sufuria, au zimeendelea kuwaka baada ya mkate kutolewa. Tena, katika matanuri ya kienyeji ya udongo, kilo moja ya mkaa kwa kawaida hugharimu kilo 5 hadi 10 za kuni. Nusu kilo hiyo basi ni sawa na kilo 2.5 hadi 5 za mti, kwa mkate mmoja.

Hesabu hii yaonyesha kwa nini suala la nishati ya kupikia ni suala la misitu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la kufikisha nishati safi kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Moto wa kambini hautakwisha, lakini aliyekwisha kufanya hesabu hii hataukoka tena bila kufikiri. Upotevu waweza kupunguzwa kwa njia rahisi: kukinga meko dhidi ya upepo, kuoka mikate miwili au mitatu kwa kufuatana wakati mchanga ungali na joto, kuinjika chai au maharage juu ya makaa yaliyobaki, na kuzima mkaa uliosalia ili utumike siku nyingine.

HATARI ISIYOONEKANA

Makaa mekundu yasiyo na moshi huonekana salama kuliko kuni zinazofuka. Dhana hiyo imewaua watu wengi. Kaboni ikiungua penye hewa tele hutoa kaboni dioksaidi. Ndani ya rundo la makaa, gesi hiyo hukutana na kaboni nyingine yenye joto kali, na hapo hutokea badiliko hili:

C + CO₂ → 2CO

Zao lake ni kaboni monoksaidi. Mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiwaka. Isipowaka yote, huenea hewani. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi koo. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa ingawa mapafu yanapumua.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Kwa kuwa huleta usingizi, mgonjwa hana nguvu ya kujiokoa. Hatari ni kubwa zaidi usiku wa baridi, pale wanakambi wanapotamani kuingiza makaa yaliyobaki ndani ya hema au chumba ili wapate joto. Jambo hili likatazwe kabisa, hata kama mlango umeachwa wazi kidogo. Aliyepatwa na dalili hizo atolewe nje mara moja kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali.

Kazi ikiisha, makaa yamwagiwe maji, yakorogwe, na kumwagiwa tena mpaka majivu yaweze kuguswa kwa mkono. Kabla ya kuwasha, nyasi ziwe zimefyekwa kuzunguka meko kwa mita 3. Kaa moja lililosahauliwa wakati wa kiangazi laweza kuteketeza pori zima.

MAJARIBIO KWA WANAFUNZI

Jaribio la kwanza. Darasa ligawanyike katika vikundi vitatu, na kila kikundi kipewe donge la gramu 200 na kiasi kimoja cha makaa. Kikundi A kiweke makaa yote chini, kikundi B kiweke yote juu, na kikundi C kigawe fungu moja chini na mawili juu. Muda uwe sawa. Mikate ikatwe katikati, unene wa ganda la juu na la chini upimwe, na kila kikundi kieleze njia ya joto iliyofanya kazi zaidi.

Jaribio la pili. Donge lipimwe uzito kabla ya kuokwa, na mkate upimwe baada ya kupoa. Tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa kabisa, ni maji yaliyogeuka mvuke. Mkaa nao upimwe kabla, na uliosalia upimwe baada ya kuzimwa na kukaushwa juani. Kwa takwimu hizo kila kikundi kikokotoe ni asilimia ngapi ya joto iliyoingia katika mkate wake, na kikundi kilichotumia mkaa kidogo kuliko vyote kielezee njia yake.

Mwalimu asiwaharakishe wanafunzi kutafuta mkate mzuri. Mkate ulioungua chini na kubaki mbichi katikati una mafunzo mengi, mradi wanafunzi waweze kusema ni joto la njia ipi lililozidi na lipi lililopungua.

MASWALI

1. Eleza kwa nini wali unaopaliwa hauna ukoko mwingi kama ule ulioachwa juu ya moto wa chini peke yake.

2. Kwa nini unga wa mahindi hauumuki kama wa ngano hata ukitiwa hamira nyingi?

3. Mkate wa gramu 400 za unga uliokandwa umepoteza gramu 50 za maji wakati wa kuoka. Kokotoa joto ulilohitaji, ukichukua kuwa ulipanda kutoka nyuzi 25 hadi 95. Je, ni gramu ngapi za mkaa zingetosha kama hakuna joto lililopotea?

4. Makaa yamepanda kutoka Kelvini 800 hadi Kelvini 1,000. Mionzi yake imeongezeka mara ngapi?

5. Mwanafunzi mmoja asema kuwa makaa yasiyo na moshi hayadhuru. Mjibu kwa kutumia mlinganyo wa kikemia.